Kutunga maswali ya chemsha bongo ya historia ya Marekani yasiyozua ugomvi

Chukua swali linaloulizwa karibu kila mahali: "Marekani ilijitangazia uhuru tarehe ngapi?" Kwenye karatasi ya mwendeshaji kuna jibu moja tu, 4 Julai 1776. Meza ya kwanza inaandika hivyo hivyo. Meza ya pili inaandika 2 Julai, kwa kuwa siku hiyo ndiyo wajumbe wa makoloni walipopiga kura ya kujitenga na Uingereza. Tarehe 4 walipitisha maandishi ya Azimio la Uhuru. Meza ya tatu inakumbuka kwamba wengi wa wale 56 waliotia saini walifanya hivyo tarehe 2 Agosti. Wote wana hoja, na mwendeshaji hana pa kusimama.

Swali hilo halina ugumu wowote. Limetungwa vibaya, basi. Ukiuliza "Azimio la Uhuru wa Marekani lilipitishwa tarehe ngapi?" jibu linabaki moja, na yule msomi wa meza ya pili hana la kusema. Historia ya vita na siasa za Marekani imejaa sehemu za namna hii, na ukizijua mapema unaweza hata kuzitumia kama mitego halali.

Jibu kwanza, swali baadaye

Watunzi wengi huanza na swali kisha hutafuta jibu. Geuza utaratibu. Tafuta kwanza jambo lenye uhakika, liandike, halafu jiulize: ni nani au nini kingine kinaweza kuingia hapa? Kila mgombea mwingine unayempata ni neno la kuongeza kwenye swali ili abaki nje.

Tumia kadi moja kwa kila swali, ukubwa wa nusu ya karatasi ya A5 unatosha. Andika mistari mitano kwa mpangilio huu: jibu, majibu mengine yanayokubaliwa, majibu yasiyokubaliwa na sababu yake, swali lenyewe, tarehe uliyohakiki. Mstari wa tatu ndio unaorukwa na wavivu, na ndio unaookoa usiku mzima. Kadi iliyokamilika inakuwa hivi:

Jibu: Theodore Roosevelt.
Yanayokubaliwa: Roosevelt wa kwanza, "Teddy" Roosevelt.
Hayakubaliwi: Kennedy. Yeye ni kijana kuliko wote waliochaguliwa kwa kura, akiwa na miaka 43. "Roosevelt" peke yake: hapana, wako wawili.
Swali: Ni nani aliyeshika urais wa Marekani akiwa na umri mdogo kuliko marais wengine wote, miaka 42, baada ya mtangulizi wake kuuawa mwaka 1901?
Ilihakikiwa: (tarehe ya siku hiyo).

Ona swali lilivyobeba uzio wake. Neno "aliyeshika" linamtoa Kennedy, maana Roosevelt hakuchaguliwa mwaka 1901, alirithi kiti cha William McKinley. Mwaka na kifo cha mtangulizi vinampa mshiriki asiyejua umri wa mtu yeyote njia ya pili ya kufika kwenye jibu. Swali zuri lina milango miwili ya namna hiyo. Lenye mlango mmoja hupima kumbukumbu tu, na meza nzima hukaa kimya ikitazamana.

Kuhusu majina, weka sheria mapema na uitangaze: jina la ukoo linatosha, isipokuwa pale linapomhusu zaidi ya rais mmoja. Majina ya ukoo yaliyobebwa na marais wawili tofauti ni matano: Adams, Harrison, Johnson, Roosevelt na Bush. Kwa hayo, dai jina la kwanza. Johnson ndiye mwenye hila zaidi, kwa sababu wote wawili walikuwa makamu walioingia baada ya rais kuuawa: Andrew Johnson baada ya Lincoln mwaka 1865, Lyndon Johnson baada ya Kennedy mwaka 1963. Mtunzi asiyeweka mwaka hapo amejitakia.

Marais wangapi?

Hili linastahili nafasi yake peke yake kwa sababu linaharibu maswali mengi kuliko jingine lolote. Grover Cleveland anahesabiwa wa 22 na wa 24, kwani alitawala 1885 hadi 1889, akashindwa, kisha akarudi 1893 hadi 1897. Donald Trump ni wa 45 na wa 47. Kwa hiyo tangu Januari 2025 namba imefika 47, ilhali watu walioshika cheo hicho ni 45. Ukiuliza "marais wangapi" umefungua mlango wa majibu mawili. Uliza "watu wangapi tofauti", na kwenye mstari wa tarehe uandike mwaka.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuwa mwangalifu na neno "pekee". Hadi 2024 ilikuwa sahihi kusema Cleveland ndiye rais pekee aliyerudi madarakani baada ya kuondoka. Vitabu vingi vilivyoko kwenye maktaba bado vinasema hivyo. Maswali ya "pekee" yaliyo salama ni yale ya mambo yaliyokwisha kufungwa: Gerald Ford ndiye pekee aliyekuwa rais bila kuchaguliwa kuwa rais wala makamu wa rais. Franklin Roosevelt ndiye pekee aliyeshinda mara nne, na Marekebisho ya 22 ya Katiba, yaliyokamilika mwaka 1951, yamefunga njia hiyo.

Waliofia madarakani ni wanane, waliouawa kati yao ni wanne: Lincoln, Garfield, McKinley na Kennedy. Watu huchanganya hesabu hizi mbili kila mara, hivyo kwenye swali taja wazi "waliouawa" au "waliofariki kwa sababu yoyote".

Uzio wa maswali ya vita

Vita vinahitaji uzio wa aina nne: wakati, mahali, hadhi ya kisheria na kipimo. Si lazima vyote kwa kila swali, ila pitia vyote kabla ya kuandika kadi.

Anza na hadhi ya kisheria, kwani huko ndiko kuna utajiri. Ukiuliza "Marekani imepigana vita vingapi?" hakuna atakayekubaliana na mwenzake. Lakini Bunge la Marekani limetangaza vita rasmi mara 11 tu, katika vita vitano: dhidi ya Uingereza 1812, Meksiko 1846, Hispania 1898, kisha Ujerumani na Austria-Hungaria mwaka 1917, na katika Vita vya Pili vya Dunia dhidi ya Japani, Ujerumani na Italia mwaka 1941, halafu Bulgaria, Hungaria na Romania mwaka 1942. Tangu hapo, hakuna. Korea, Vietnam, Iraki na Afghanistan hazimo. Hapo una maswali matatu mazuri: mara ngapi, mwaka wa mwisho ni upi, na kati ya Korea, Vietnam na Meksiko ni ipi iliyotangaziwa vita rasmi. Hilo la mwisho huangusha hata wanaojiamini.

Mahali. Pearl Harbor ilishambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, lakini Hawaii haikuwa jimbo. Ilipata hadhi hiyo Agosti 1959, miezi michache baada ya Alaska. Ukiandika "jimbo la Marekani lililoshambuliwa na Japani mwaka 1941" umekosea wewe mtunzi. Bendera iliyopandishwa kwenye kisiwa cha Japani cha Iwo Jima mwaka 1945 ilikuwa na nyota 48 kwa sababu hiyo hiyo, na hilo lenyewe ni swali tamu la daraja la kati. Tena, tarehe 7 ni ya upande wa Hawaii. Japani ilikuwa tayari tarehe 8. Andika "kwa tarehe za Marekani" na yaishe.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vyao haviwezi kukuonya. Mashambulizi yalianza muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi ya Hawaii, kwa namna yetu ya kuhesabu saa. Mshiriki aliyesoma habari hizo kwa Kiingereza anaweza kuandika "saa nane", akimaanisha kitu kile kile. Ama usiulize saa kabisa, ama useme mapema mnahesabu kwa saa ipi. Kuacha ni rahisi zaidi.

Kipimo ndicho kinacholeta aibu kubwa, hasa idadi ya vifo. Vita vya Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, vinatajwa kila mahali kuwa na "watu 23,000", na mtunzi mwenye haraka huandika kwamba ndio waliokufa. Sivyo. Hiyo ni jumla ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na wasiojulikana walipo, kwa pande zote mbili; waliouawa siku hiyo uwanjani walikuwa kama 3,600. Gettysburg, 1 hadi 3 Julai 1863, ni vivyo hivyo: zile 51,000 ni jumla ya hayo yote kwa siku tatu. Kwa hiyo swali la "siku moja iliyomwaga damu zaidi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe" lina jibu, Antietam. Swali la "vita vilivyomwaga damu zaidi" lina jibu jingine, Gettysburg. Usiliache neno "siku moja" likapotea wakati wa kunakili.

Mfano mwingine wa kusoma kwa makini ni Korea. Kwenye ukumbusho wa vita hivyo jijini Washington imechongwa idadi ya Wamarekani waliokufa: 54,246. Takwimu iliyorekebishwa inataja 36,574. Hakuna aliyedanganya. Namba ndogo ni ya waliokufa katika eneo la vita. Ile kubwa ilijumlisha pia wanajeshi 17,672 waliofia kwingineko duniani katika kipindi hicho hicho, wakiwemo wa ajali na maradhi. Jumlisha mwenyewe uone inatoka sawasawa. Ukikutana na namba mbili za jambo moja, usichague moja kwa bahati. Tafuta kila moja ilihesabu nini, kwani mara nyingi tofauti hiyo ndiyo swali bora kuliko namba zenyewe.

Na zipo namba za kuziacha kabisa. Vifo vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilikaririwa kwa miaka mingi kuwa 620,000, kisha utafiti uliotumia takwimu za sensa mwaka 2011 ukapandisha makadirio hadi karibu 750,000. Jambo ambalo bado linahesabiwa upya halifai kwa swali lenye alama.

Uwanja mmoja, majina mawili

Katika vita hivyo vya 1861 hadi 1865, jeshi la Kaskazini lilipenda kuita mapigano kwa jina la kijito au mto wa karibu, na la Kusini kwa jina la mji. Antietam ni kijito. Kusini walisema Sharpsburg. Bull Run ni kijito. Kusini walisema Manassas. Stones River na Murfreesboro ni mapigano yale yale. Mstari wa pili wa kadi lazima ubebe majina yote mawili. Usiifanye kanuni hiyo kuwa swali bila kuangalia, maana ina wakaidi wake: Shiloh ni jina la kanisa dogo, na Kaskazini waliita mahali hapo Pittsburg Landing.

Bull Run inahitaji uangalifu wa ziada kwa kuwa palipiganwa mara mbili, Julai 1861 na Agosti 1862. Taja mwaka.

Uongo mtamu, na namna ya kuutumia

Mitego mizuri ya chemsha bongo hutoka kwenye yale ambayo kila mtu anayajua na si kweli. Utaratibu ni mmoja: usiulize uongo wenyewe kana kwamba ni kweli, wala usiuzungushe uongo kwa namna ya kumwonea mshiriki. Weka ukweli ndani ya swali, mpe mwenye kufikiri nafasi ya kuupata.

Bunker Hill, 17 Juni 1775: mapigano mengi yalikuwa kwenye kilima cha jirani, Breed's Hill, na Waingereza ndio walioteka uwanja, ingawa kwa hasara ya watu zaidi ya 1,000 kati ya waliouawa na kujeruhiwa. Swali: "Mapigano yanayoitwa ya Bunker Hill yalipiganwa hasa kwenye kilima gani?"

New Orleans, 8 Januari 1815, ina tabaka mbili. Msomaji wa kawaida anajua kwamba Andrew Jackson aliwashinda Waingereza. Anayejidai kujua anasema vita vilikuwa vimeshakwisha, kwa sababu mkataba ulitiwa saini Ghent, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 24 Desemba 1814. Anayejua kweli anasema mkataba haukuwa na nguvu mpaka uidhinishwe, na Seneti ya Marekani iliuidhinisha Februari 1815, hivyo kisheria vita vilikuwa bado vinaendelea. Ukiuliza "ni mapigano gani yaliyopiganwa baada ya vita kwisha?" mtu wa tabaka la tatu atakukatia rufaa, na atashinda. Uliza "baada ya mkataba kutiwa saini".

Tangazo la Ukombozi la Lincoln, 1 Januari 1863, halikufuta utumwa Marekani nzima. Liligusa maeneo yaliyokuwa yameasi, na kuacha majimbo yenye utumwa yaliyobaki upande wa Muungano, yaani Kaskazini: Delaware, Kentucky, Maryland na Missouri. Utumwa ulifutwa nchi nzima na Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865. Kati ya makosa yote ya kwenye chemsha bongo, hili ni baya zaidi, kwa sababu linafuta miaka karibu mitatu ya maisha ya watu waliobaki utumwani. Likija swali la "nani alifuta utumwa" kutoka kwa mtunzi mwenzako, mrudishie.

Appomattox Court House: jenerali Robert E. Lee wa Kusini alijisalimisha kwa Ulysses S. Grant wa Kaskazini hapo tarehe 9 Aprili 1865. Hilo ni jina la kijiji. Shughuli yenyewe ilifanyika sebuleni kwa Wilmer McLean, mtu aliyehama kutoka karibu na Manassas, ambako vita vilikuwa vimepita shambani kwake. Waandishi hupenda kusema vita vilianzia uani kwake na kuishia sebuleni. Ni maneno matamu, ila risasi za kwanza zilikuwa Fort Sumter tarehe 12 Aprili 1861, na Lee hakuwa wa mwisho kujisalimisha. Mapigano ya Palmito Ranch huko Texas yalikuwa ya Mei 1865, na meli ya Kusini iitwayo Shenandoah ilishusha bendera yake Liverpool, Uingereza, Novemba mwaka huo. Kwa swali gumu la mzunguko wa mwisho, hiyo meli ni dhahabu.

Richard Nixon hakuwahi kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi. Kamati ilipitisha mashtaka, lakini akajiuzulu tarehe 9 Agosti 1974 kabla baraza zima halijapiga kura. Walioshtakiwa na baraza ni Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021. Wote waliachiwa na Seneti. Johnson aliponea kura moja. Kwenye swali tenga hatua mbili, kushtakiwa na kuondolewa, kwani hakuna rais aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo.

Mambo yanayohama

Picha ya wanajeshi sita wakipandisha bendera mlimani Suribachi, kisiwani Iwo Jima, 23 Februari 1945, aliyoipiga Joe Rosenthal, imo kwenye kila orodha ya maswali. Bendera ile ilikuwa ya pili siku hiyo. Ya kwanza ilikuwa ndogo. Majina ya wale sita yalisahihishwa rasmi mwaka 2016 na tena 2019, wawili waliotajwa kwa miaka mingi wakatolewa. Kitabu cha kabla ya hapo kina orodha isiyo sahihi. Uliza jina la mpiga picha, kisiwa, mlima au nyota za bendera.

Umri wa marais nao umehama. Aliyeapishwa akiwa mzee kuliko wote ni Trump, Januari 2025, akimpita Biden kwa miezi michache. Maswali ya namna hii yahakiki upya kila baada ya miezi sita, na baada ya kila uchaguzi.

Uhakiki wenyewe: maneno ya Katiba yasome kwenye Katiba, kura za bunge kwenye kumbukumbu za bunge, nyaraka za uhuru kwenye Makavazi ya Taifa ya Marekani, viwanja vya vita kwenye kurasa za idara ya hifadhi za taifa inayovitunza. Tovuti mbili zilizonakili orodha ile ile ya maswali ni chanzo kimoja, hata kama rangi zao ni tofauti.

Maswali ya uchaguzi

Haya wengi huyaogopa bure. Kura za wajumbe wanaomchagua rais ni 538, na hesabu yake mtu anaweza kuijenga mezani: wabunge 435, maseneta 100, na 3 za jiji la Washington zilizotokana na Marekebisho ya 23 ya mwaka 1961. Nusu ni 269, hivyo ushindi ni 270. Uliza hesabu, usiulize namba: "Kama wagombea wawili wakigawana sawa, kila mmoja anapata kura ngapi?" Mwenye kujua 270 atafika.

Walioshinda urais bila kuongoza kura za wananchi ni watano: John Quincy Adams 1824, Hayes 1876, Benjamin Harrison 1888, George W. Bush 2000, Trump 2016. Adams ana tatizo lake, kwani alishindwa hata kwa kura za wajumbe, 84 kwa 99 za Andrew Jackson. Hakuna aliyefikisha wingi uliotakiwa, Baraza la Wawakilishi likamchagua yeye. Basi usiseme watano hao "walishinda kwa kura za wajumbe".

Kwa daraja gumu kuna uchaguzi wa 1800, Thomas Jefferson na Aaron Burr walipofungana kwa 73 kila mmoja ingawa walikuwa chama kimoja. Baraza lilipiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapita. Marekebisho ya 12, mwaka 1804, yalitenganisha kura ya rais na ya makamu ili jambo hilo lisijirudie. Na kwa ajabu, hakuna kinachoshinda Marekebisho ya 27: yalipendekezwa 1789, yakakamilika 1992.

Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza bungeni, ndiye aliyepiga kura ya peke yake kupinga vita na Japani, 388 kwa 1. Alipinga pia vita vya 1917, lakini huko alikuwa na wenzake wengi. Usisahau "Japani" na "1941".

Kuna pia viungo vya kweli na pwani yetu, na washiriki huvifurahia. Meli ya Sayyid Said, Sultana, ilitoka Zanzibar ikatia nanga New York mwaka 1840, rais akiwa Martin Van Buren. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya uwindaji. Wakati huo rais alikuwa William Howard Taft, kwa hiyo usimwite Roosevelt rais. Na Mwalimu Nyerere alikwenda kuonana na Kennedy Washington mara mbili, Julai 1961 akiwa Waziri Mkuu na Julai 1963 akiwa Rais. Ukiuliza cheo chake bila mwaka, umejichimbia shimo.

Kupanga usiku wenyewe

Kwa saa mbili, mizunguko minne ya maswali kumi inatosha. Tunga 48, yale manane ya ziada yakae kando kwa ajili ya swali litakalofutwa. Katika kila kumi weka matatu mepesi, matano ya kati, mawili magumu. Jepesi lifungue na jepesi lifunge, magumu yakae namba sita na namba nane. Wakianza na gumu, meza dhaifu hukata tamaa kabla ya soda kufika.

Swali lisizidi maneno 35. Lisome mara mbili kwa mwendo mmoja, kisha toa sekunde 30. Kitu kinachoulizwa kije mwishoni, au kirudie mwishoni, kwa sababu swali la Kiswahili lenye vishazi vingi vya "ambaye" humpoteza msikilizaji katikati. Usiweke miaka miwili kwenye swali moja ukiweza; kwa sauti, 1862 na 1863 husikika karibu sawa kwa mtu wa meza ya nyuma. Maswali ya kukanusha, "yupi kati ya hawa hakuwa", yawe moja kwa mzunguko, na neno la kukanusha ulitilie mkazo. Tahajia ya majina ya kigeni usiikate alama: Apomatoksi ni Appomattox.

Rufaa zipokelewe mwisho wa mzunguko, kwa maandishi, moja kwa meza. Mwamuzi anasoma mstari wa tatu wa kadi. Kama jibu lililokatiwa rufaa halipo hapo na lina hoja, swali linafutwa kwa meza zote na la akiba linaulizwa. Usigawe alama kwa huruma.

Wakifungana, uliza namba, kila meza iandike makadirio, ya karibu zaidi ishinde. Namba iwe rasmi na isiyobadilika. Idadi ya maneno ya hotuba ya Lincoln pale Gettysburg haifai, kwani kuna nakala tano za mkono wake na zinatofautiana. Majina kwenye ukuta wa ukumbusho wa Vita vya Vietnam nayo huongezwa. Inayofaa ni hii: mwaka 2000, kwa matokeo rasmi ya Florida, George W. Bush alimzidi Al Gore kwa kura ngapi? Jibu ni 537. Meza mbili zikiwa na umbali sawa kutoka hapo, moja juu na nyingine chini, uliza swali la pili la namba: Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara ngapi kabla ya kumpitisha Jefferson? Kama mlishalitumia mapema usiku huo, uliza ile idadi ya wanajeshi waliofia nje ya eneo la vita wakati wa Korea: 17,672.